Kinyozi Aliyetaka Kuunyoa Mti

Kila asubuhi kinyozi alifagia kibanda chake, akapangusa kioo, akaanza kushughulikia vichwa vya watu. Hakuna kichwa kilichowahi kumshinda. Kwa hiyo hata mti mkongwe nyuma ya nyumba yake aliuona kama mteja aliyechelewa kunyoa.

Mti huo ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Tawi moja lilikuwa limekauka, nalo lilining'inia juu ya chumba cha mama mkwe wake. Siku moja kipande chake kikaanguka, puu! Kikatoboa bati. Mama mkwe alikuwa chooni. Choo kikamwokoa.

"Jumamosi naunyoa mti huu," kinyozi akatangaza. "Kipara! Lisibaki hata jani."

"Ukiugusa, nafunga mizigo yangu," mama mkwe akajibu.

Akamwonyesha shimo kwenye tawi jingine, upande wa kiwanja kitupu. Humo hondohondo jike, ndege mwenye mdomo mkubwa, alikuwa amejifungia na mayai yake. Mlango ameuziba kwa udongo, ameacha ufa mdogo tu. Dume alikuwa akimlisha kupitia ufa huo.

"Mwone mwenzako, mkwe wangu. Anamlisha mke kutwa nzima wala hanuni. Wewe ukichemsha chai mara moja, mtaa mzima unapata habari."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Kinyozi hakucheka. Tawi likimwangukia mama mkwe, ni msiba. Mama mkwe akihama kwa hasira, ni vita. Afanyeje?

Kesho yake Dada Kamba alikuja kunyolewa. Alikuwa jirani yao na fundi wa miti. Walimwita Kamba kwa sababu kamba haikumtoka begani. Kujisifu nako hakukumtoka mdomoni.

"Kipara?" aliruka kitini aliposikia mpango wa kinyozi. "Mti?"

"Tulia, dada, nitakukata sikio! Si utaota tena, kama nywele?"

"Nywele hazina kidonda. Mti unacho. Kidonda chake hakiponi kama cha ngozi. Mti hukifunika polepole kwa gome jipya. Ukikata kichwa chote, vidonda vinakuwa vikubwa mno, mti unaoza. Na machipukizi yatakayoota yatashika juujuu tu. Upepo ukija, yatakuangukia."

"Basi niuangushe wote."

"Na hondohondo je? Na popo, na nyuki? Mti mzee ni nyumba iliyojaa wapangaji. Bati moja likilegea, utabomoa nyumba nzima?"

Kinyozi akashusha mkasi. "Sasa nifanye nini?"

"Kwanza umalize upande huu wa kichwa changu."

Jioni Dada Kamba aliuzunguka mti. Aligonga shina kwa nyundo ya mbao, akasikiliza. Alichunguza mizizi, akatafuta uyoga, dalili ya kuoza.

"Shina ni zima," akasema. "Sikilizeni. Tawi kavu peke yake si hatari. Hatari ni tawi kavu na mtu chini yake. Hili la juu ya chumba litaondoka. Lakini tungoje makinda waruke kwanza. Kwa sasa, mama ahame chumba."

Mama mkwe akahamia sebuleni. Akatawala redio, akatawala kochi, akatawala kinyozi. Hakuna mtu aliyewahi kuwaombea makinda wakue haraka kama mwanamume yule.

Hatimaye makinda waliruka. Dada Kamba akaja na wenzake wawili, kofia ngumu kichwani. Waliwaondoa watu wote chini ya mti. Kila kipande cha tawi walikikata kidogo kwa chini kwanza, gome lisichanike, kisha wakakikata kwa juu. Walikishusha kwa kamba, taratibu, kama mgonjwa.

"Unaona uvimbe huu, tawi linapokutana na shina?" Dada Kamba akapaza sauti. "Huu ndio unaofunika kidonda. Kata nje yake kidogo. Usiuguse, wala usiache kisiki kirefu."

Kinyozi akainua kopo. "Nipake rangi?"

"Kapake mlango! Kidonda kiache kikauke chenyewe."

Tawi lenye shimo walilipunguza ncha tu, likawa jepesi. Shimo likabaki. Magogo wakayapanga pembeni, yawe makazi ya wadudu.

"Na kila mwaka niite niukague," Dada Kamba akasema. "Fundi kama mimi hapatikani mara mbili."

Mama mkwe akarudi chumbani kwake.

Msimu uliofuata upepo mkali ulivuma mchana. Kinyozi akamwacha mteja na nusu kichwa, akatimua mbio nyumbani. Mteja naye akamfuata, shuka la kunyolea likipepea shingoni. Mti ulikuwa ukiyumba. Hakuna kilichoanguka juu ya bati.

Kinyozi akasukuma mlango. "Mama! U mzima?"

Mama mkwe alikuwa dirishani, kidole mdomoni.

"Shh! Hondohondo amerudi. Ndiyo kwanza anaziba mlango. Mnamtisha mwenzenu kwa makelele! Na huyo mwenye nusu kichwa ni nani?"

Kinyozi akashusha pumzi, akatabasamu. Akaazima mkasi wa mkewe, akamkalisha mteja sebuleni, akammalizia nywele kimya kimya.