Papi Nane za Mtarakwa

Jioni ile nilitoka kwenda kuanua nguo. Manyunyu yalikuwa yameanza kushuka kutoka mlimani, kama ilivyo kawaida huku Kimandolu mwezi wa sita, na shuka zilikuwa bado mbichi. Kamba yangu imefungwa kwenye nguzo ya banda la mume wangu. Nilikuwa na nguo begani na vibanio mdomoni niliposikia msasa.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Huyo alikuwa Lemburis, mume wangu. Mkono mzito, wa fundi wa vitanda na makabati.

Halafu, katikati yake, nikasikia msasa mwingine.

Shwa-shwa-shwa. Kimya. Shwa-shwa-shwa.

Mwepesi. Wa mkono mdogo unaochoka haraka.

Nilisimama. Harufu ya mtarakwa ilikuwa inatoka kwenye matundu ya bati, ile harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Ndani yake kulikuwa na nyingine. Mafuta ya nazi, yale niliyokuwa nampaka mwanangu kichwani kabla ya kumsuka.

Mwanangu Naserian tulikuwa tumemzika siku arobaini na moja zilizopita.

Nilisukuma mlango. Lemburis alikuwa peke yake, amepiga magoti kando ya mtumbwi. Upande wa pili, kipande cha msasa kilichokunjwa kidogo kilikuwa sakafuni. Vumbi la mbao lilikuwa bado linaelea juu yake.

"Umemfukuza," alisema kwa sauti ya chini. Hakunitazama.

Mtumbwi ule ulikuwa wa Naserian. Alipokuwa darasa la tano walipelekwa na walimu ziwa Duluti, akaona wageni wawili wanapiga kasia kwenye mtumbwi wa mbao unaong'aa kama gitaa. Alirudi nyumbani hana habari nyingine. Baba yake akamwahidi. Si mtumbwi wa kuchimba gogo, la. Alijifunza kwenye simu, video baada ya video, jinsi ya kusimamisha kalibu za plaiwudi, kupasua mtarakwa kuwa papi nyembamba kama kidole, kisha kuzikunja na kuzigandisha kwa gundi moja juu ya nyingine, mpaka umbo litokee. Mbao alizipata kwenye paa la nyumba ya zamani iliyobomolewa. Kila Lemburis akitoka kazini, kwenye karakana ya mtaa wa Sakina, baba na mwana waliingia bandani. Mtoto alishika chupa ya gundi na kuuliza maswali yasiyoisha.

Mwezi wa nne akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku tatu tu. Tukampeleka kwenye shamba la ukoo, juu Ilkiding'a, tukamlaza kati ya migomba karibu na babu yake.

Wiki moja baadaye Lemburis alirudi bandani. Nilimwacha. Nilidhani ni njia yake ya kulia.

Baada ya jioni ile ya nguo, alinieleza. Naserian alikuwa anakuja kila magharibi, akae upande wa pili wa mtumbwi, asugue. Mara chache alisema neno. Akisikia hatua zangu, hayupo.

"Kwa nini haji kwangu?" nilimuuliza.

"Sijui, Mama Naserian."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Najua."

Sikuogopa. Niseme ukweli, nilimwonea wivu mume wangu. Kila jioni nilikuwa nasimama nyuma ya banda, shavu kwenye bati baridi, nikisikiliza. Nilisikia minong'ono nisiyoweza kuishika. Siku moja nilisikia Lemburis anacheka, kidogo, kile kicheko ambacho hakijasikika nyumbani tangu msiba. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, nimejiziba mdomo kwa kanga nisimfukuze mwanangu.

Lakini Lemburis alikuwa anakonda. Chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Usiku alikohoa vumbi jekundu la mbao. Nami nikaanza kuuliza maswali mengine.

"Ukimaliza mtumbwi, itakuwaje?"

"Anataka nimpeleke Duluti. Katikati ya maji."

"Halafu mrudi?"

Alikung'uta vumbi mikononi.

"Habari ya kurudi hajaisema."

Asubuhi nilipanda Ilkiding'a kwa baba mkubwa Lesikar, kaka wa marehemu baba mkwe wangu. Ndiye anayeishi kwenye shamba la ukoo. Nilimkuta anapalilia kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya ule mti."

Sikujua mti gani. Alinipeleka makaburini. Nyuma ya udongo wa mwanangu, ambao ulikuwa haujaota hata nyasi, palikuwa na kisiki cha mtarakwa. Kibichi. Utomvu ulikuwa unatoka.

"Mumeo alikuja wiki moja baada ya maziko," alisema mzee. "Alisema zimepungua papi nane. Nilimkataza. Akasubiri niende kanisani, akaukata."

"Mti huu una nini?"

"Mizizi yake imepita kwa babu yangu, na kwa wake zake, na kwa watoto waliokufa kwa ndui ambao hawakupewa hata majina. Huenda mwanao naye amepanda humo." Alifuta jembe kwa mkono. "Lakini wako wengi, binti yangu. Na anayetoka hasemi yeye ni nani. Unamwambia wewe, kwa jinsi unavyomlilia."

"Nitajuaje kama ni yeye?"

"Muulize jambo mnalolijua ninyi wawili tu."

Lilikuwepo jambo moja.

Pale msibani, kila aliyenikumbatia aliniuliza mtoto aliondokaje. Nikawaambia wote, na Lemburis nikamwambia, kwamba usiku wa mwisho wodini nilimshika mkono nikamwambia nampenda, akalala. Kila mtu alifarijika.

Haikuwa hivyo. Nilikuwa sijafumba jicho siku tatu. Saa tisa usiku Naserian aliniuliza, "Yeyo, nitakufa?" Yeyo ni mama, kwa lugha yetu. Nikamwambia, "Nyamaza, lala." Nikageuza uso kuelekea ukutani. Nilipoamka alikuwa ameshapoa.

Sikuwahi kumwambia mtu. Hata Mungu nilimwambia kwa kuzunguka.

Jioni nilimwambia Lemburis, "Muulize neno la mwisho nililomwambia."

Aliingia. Nilibaki jikoni, mikono ndani ya maji ya vyombo. Nilisikia msasa ukisimama. Kisha hatua za mume wangu.

Alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa umefunguka.

"Anasema ulimwambia unampenda."

Maji yalikuwa ya moto, ila mimi nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Hilo lilikuwa jibu la msibani. Jibu lililosikiwa na watu mia mbili. Kitu chochote kilichosimama kati ya waombolezaji siku ile kingeweza kulisema.

Sikumweleza Lemburis. Ningemwelezaje bila kumwambia la kweli? Nilitabasamu tu. Nikamwambia, "Ni kweli."

Kesho yake, yeye akiwa Sakina, nilimpigia simu mzee Lesikar. Alifika alasiri. Tuliuburuta mtumbwi hadi uani, wawili tu, na ulikuwa mzito kuliko mbao zile zinavyopaswa kuwa. Ulikuwa mzuri. Mwili wote wa kahawia, na papi nane nyekundu zimepita ubavuni kama mshipa. Nikamwaga mafuta ya taa. Mzee akasema maneno machache ya Kimaasai, kisha akasali Baba Yetu. Nikawasha kiberiti.

Mtarakwa haushiki taratibu. Uliitika mara moja.

Lemburis aliingia getini moto ukiwa juu ya kichwa changu. Alidondosha mfuko wa nyanya akaja mbio, akatia mikono ndani kuvuta zile papi nane. Mzee akamkumbatia kwa nyuma.

Hapo ndipo sote watatu tuliposikia.

Sauti ilitoka ndani ya mbao, ndogo, yenye mafua kidogo kama alivyokuwa siku zote.

"Yeyo."

Moto ulikuwa unalia. Nilisogea mpaka nyusi zikaungua.

"Uliniambia ninyamaze."

Kisha, taratibu, kama mtoto anayeomba msamaha:

"Nilimficha baba, usije ukaaibika."

Papi zikapasuka, moja baada ya nyingine. Nane. Hakusema tena.

Nilichota majivu ya moto kwa viganja. Ili niokoe hata papi moja nilimwaga maji, nilimwaga mchanga, nilimwaga hata maziwa yaliyokuwa jikoni. Magharibi ilipoingia uani palikuwa na moshi tu, na Lemburis ameketi, mikono imevimba malengelenge.

"Alimaanisha nini?" aliuliza.

Nikamwambia. Yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kama ningeambiwa, nisingemlaumu mtu." Sikujua anamsema mtoto au ananisema mimi. Wiki hiyo alihamia karakana Sakina. Analala huko mpaka leo. Hajanitukana. Hunitumia salamu kwa simu, kwa heshima, kama mtu anavyomsalimia mjane wa rafiki yake.

Mzee Lesikar alijaribu kunifariji. Alisema marehemu huondoka na neno la mwisho alilosikia, na akifika huko wenzake humuuliza, naye huwaambia. Kwa hiyo hata wale wengine wangeweza kulijua. Huenda nilichoma mgeni.

Huenda.

Siku hizi magharibi ikifika naingia kwenye lile banda tupu, nafunga mlango, nakaa chini. Nasema kwa sauti kile nilichopaswa kusema wodini, kwamba nampenda. Nakisema mara nyingi. Hakuna aliyewahi kunijibu.

Mpaka juzi.

Kwa nje, pale nilipokuwa nikisimama zamani, kitu kiliegemea bati. Nikasikia likibonyea. Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa nzito, ya zamani, ya mtu aliyenyamaza muda mrefu sana.

"Nifungulie," ilisema. "Na mimi hakuna aliyewahi kuniambia hilo."

Nikainuka, nikafungua.