Nafasi ya Vidole Vinne

Jumatatu palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Jumatano vilibaki vitatu. Fundi saa akapima upya, akaitazama tepu yake kama hakimu anavyomtazama shahidi mwongo, kisha akapima kwa kamba. Kamba nayo ikasema vitatu.

Alikuwa ameinamia kigari chake kidogo cha zamani, kilichosimama uani boneti juu na tumbo tupu. Injini ya zamani aliing'oa kwa mikono yake wiki sita nyuma. Nyingine alikuwa bado hajaipata, ila vipimo vyake alivijua, na vidole hivyo ndivyo vingebaki kando yake ikishaingia.

Fundi wa magari asingefanya hivyo. Jirani yake Kipara, ambaye hiyo ndiyo kazi iliyomlea, alimweleza mapema kwamba injini mpya huletwa kwanza, ikawekwa pembeni, ikapimwa, ndipo ya zamani ikatolewa. Lakini fundi saa hafundishwi. Miaka ishirini amefungua saa za watu, akatoa mashine, akaacha ganda wazi mezani hata mwezi mzima mpaka mashine nyingine ipatikane, na hakuna saa iliyowahi kumlalamikia. Gari ni saa kubwa tu, akasema. Kipara akamjibu kwamba saa haijawahi kumwangukia mtu mguuni ikamvunja, akaenda zake.

Msimcheke lakini. Miaka miwili nyuma injini ile ilikata roho katikati ya barabara, mkewe akiwa na uchungu kiti cha nyuma, na mtoto akazaliwa humo humo. Wa kiume. Hakulia. Sasa mke alikuwa na mimba ya miezi minane, na mume alikuwa ameapa kwamba huyu hatazaliwa njiani. Alijaza daftari zima michoro: injini ya ukubwa gani, giaboksi ipi, waya gani upite wapi. Mipango ilikuwa mizuri. Mipango huwa mizuri siku zote.

Aliyesikia kwanza ni mke. Saa saba mchana, jua limekaa utosini, alikuwa anaanika shuka uani gari likaunguruma. Si kwa nguvu. Liliunguruma kama gari linalomngoja mtu aliyesema anakuja sasa hivi. Akaweka shuka chini, akaenda kuchungulia. Chini ya boneti palikuwa patupu kabisa, udongo unaonekana, ila hewa iliyompanda usoni ilikuwa ya moto na ilinuka maziwa yaliyolala.

Hakupiga kelele. Alimweleza mumewe jioni wakati wa kula, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imeisha. Mume akasema ni jua linapasha bati. Mke akamuuliza jua lilianza lini kunuka maziwa, naye akajibu kwamba wajawazito husikia harufu za kila namna. Husikia, ni kweli. Ndiyo maana ingefaa wasikilizwe.

Injini ilipatikana wiki iliyofuata, na kwa hesabu za daftari ingeingia na nafasi ikabaki. Kipara akaja na winchi yake ya mnyororo, maana jirani ni jirani hata akiwa mbishi. Wakaishusha taratibu. Ikafika nusu, ikagoma. Haikuwa chuma kimegonga chuma. Mlio huo Kipara anaujua hata usingizini. Ilizama kidogo ikarudishwa juu, kama unavyokalia kiti gizani ukakuta kina mtu. Kipara akapitisha mkono chini apapase kilichozuia, na mkono ulipozama mpaka kiwiko jasho likamtoka kichwani likashuka shingoni hadi kwenye kola, na alipofanikiwa kuuchomoa, kifundo chake kilikuwa na alama nyekundu za kushikwa, si kwa ukali, bali jinsi mwenye nyumba anavyomshika mgeni aliyeingia bila hodi.

"Fundi," alisema polepole, "humu mna mtu."

Akaondoka. Winchi aliiacha ikining'inia pale pale.

Kuanzia siku hiyo mke aliacha kwenda uani, lakini uani palimfuata ndani, kwa sababu kila ilipofika saa saba mngurumo ulipita kwenye ukuta, ukapita kwenye miguu ya kitanda, ukaingia mgongoni mwake, na mtoto aliyekuwa akicheza tumboni tangu asubuhi alitulia ghafla, akakaa kimya kama mtu aliyebana pumzi nyuma ya mlango, na hakusogea tena mpaka mngurumo uishe. Hapo ndipo fundi saa alipolifunga daftari lake. Wa kwanza naye alitulia hivyo hivyo kabla hajazaliwa.

Aliitwa shangazi wa mke. Alikuwa mwanamke mkavu aliyepika hospitalini miaka thelathini, na kuzungumza na wasioonekana alikujua vizuri, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, hao ndio pekee wasiomkatiza. Akainamia boneti, akanong'ona kwa muda mrefu kama watu wanaopatana kodi, kisha akainuka akaomba maji anawe.

"Uliihamisha injini ukapaacha wazi wiki saba," akamwambia fundi saa. "Hawa nyumba mpya hawaitaki. Wanapenda mahame, mahali palipokaliwa na mtu akatoka, joto lake bado lipo."

"Atatoka?"

"Amekubali. Kesho saa saba tieni injini yenu."

Mke alikuwa amelishika tumbo lake kwa chini, kwa mikono miwili. "Ametaka nini, shangazi?"

Shangazi akakausha vidole, kimoja kimoja. "Hakutaka kitu. Hapo ndipo sikupapenda."

Kabla ya kuondoka akawaagiza wafunike kila kilicho kitupu, yule wa garini asije akahamia humo. Wakafudikiza ndoo na masufuria, wakajaza chupa maji, wakafunga makabati, na fundi saa akaketi akifunika maganda ya saa za wateja moja moja. Walifunika vyote walivyoviona.

Kesho yake injini iliingia kama mkono mfukoni. Nafasi ikabaki, vidole vinne kamili. Harufu hakuna, mngurumo hakuna. Siku tatu fundi saa alifunga mabomba na nyaya huku akipiga mluzi, na siku hizo tatu mke aliona joto nyuma yake kila aendako, jikoni, bafuni, hata akisimama dirishani, kama mtu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Mumewe akasema mgongo ndivyo ulivyo mimba ikikomaa.

Uchungu ulimshika siku ya nne alfajiri. Gari likawaka mara moja, likaenda kama maji, halikukohoa hata kidogo. Mtoto akazaliwa hospitalini, wa kike, juu ya kitanda cha haki, akalia mpaka wauguzi wakacheka. Baba mtu akalia naye.

Wakarudi nyumbani. Siku zikapita, tumbo la mke halikushuka. Muuguzi akasema mengine huchelewa, kwa hiyo hawakuuliza zaidi. Siku ya tisa mchana mke akaita kutoka chumbani, kwa sauti ndogo.

"Baba watoto, njoo. Usiseme kitu. Weka mkono hapa."

Akaweka. Mtoto alikuwa amelala kitandani kando yao, amekunja ngumi, pumzi zake zinahesabika. Tumbo lilikuwa la moto. Chini ya kiganja chake kitu kikajigeuza, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu anayehamia ubavu wa pili kwenye kitanda alichokwisha kukizoea.