Jina Lililofichwa kwenye Hina

"Nisomee wewe meseji, shangazi. Mkono wangu mbichi."

Bi Kuruthumu, mpakaji hina anayegombewa Ujiji nzima, alikuwa ameshamaliza mkono wa kulia wa Ikram. Katikati ya maua alificha jina la Omari, fundi baiskeli wa Rusimbi, bwana harusi wa kesho, ili alitafute mwenyewe wakibaki wawili. Akaisoma meseji ya Omari kimoyomoyo, akaigeuza simu kifudifudi. Ikram akamsihi asome kwa sauti.

"Nipo kizuizini Kidahwe, nilimfuata mama kambini aje harusini. Wamechukua kitambulisho. Si changu, ni cha marehemu rafiki yangu. Mimi ni Abdulatif Hamisi, mkimbizi kutoka Rumonge. Niliogopa baba yako angekataa. Wakikupigia kwa simu hii, sema hunijui. Wasije wakakushika na wewe."

Miezi minane anampenda mtu asiyemjua hata jina! Uani shangazi zake wanachagua mchele, wanacheka, hawana habari. Kabla hajalia, simu ikaita. Namba ileile. Kuruthumu akamwekea sikioni.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mwingine.

"Dada, unamjua Omari?"

Ikram alikuwa amesikia kwamba asiye na karatasi huvushwa mpaka, na huko Rumonge watu wanauawa. Aliye kwenye orodha hurudishwa kambini.

"Omari simjui," alisema.

Kuruthumu akafumba macho.

"Namjua Abdulatif Hamisi. Yumo kwenye orodha ya kambi, angalieni. Ni mchumba wangu."

Simu ikakatwa. Ikram akalia sana, kisha akanyoosha mkono wa kushoto, uliokuwa bado mtupu.

"Andika jina lake la kweli, shangazi."

Harusi ya kesho yake haikufanyika. Baba yake alifoka siku tatu, ya nne akachoka. Siku ya sita Abdulatif alifika na mama yake, kibali cha kutoka kambini mkononi, akaozeshwa kwa jina lake la kweli.

Walipobaki wawili alitafuta jina mkono wa kulia. Alipoliona la Omari, akainamisha kichwa kwa aibu. Ikram akamfungulia kiganja cha kushoto.

"Huyo wa kulia nilishamkana kwa askari," alisema. "Wewe ni huyu. Usinitishe hivyo tena."