Mabawa ya Mita Sita

"Shangazi anauliza kama pazia limeshonwa."

Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi, kwenye Nokia ndogo iliyofichwa ndani ya kopo la misumari. Bisibisi aliusoma mara moja, akaufuta, akajibu kwa kidole gumba kilichogandwa na gundi.

"Limebaki pindo tu. Kesho saa nne."

Shangazi huyo alikuwa mwanamume mwenye upara, mkuu wa idara isiyo na kibao mlangoni. Pazia lilikuwa ndege.

Ndege yenyewe ilijaza ghala zima, ghala ambalo zamani lilihifadhi magodoro. Mabawa mita sita, ncha hadi ncha. Mbavu arobaini na nne za balsa, mbao nyepesi kama kizibo, kila moja imekatwa kwa mkono na kupigwa msasa. Bomba la kaboni limepita katikati kama uti wa mgongo. Injini ya petroli nyuma, na mbele pua nene isiyo na kioo, kwa sababu ndege halisi haina rubani. Ilikuwa mfano wa ndege ya upelelezi ya jeshi la nchi, theluthi moja ya ukubwa wake. Karatasi za oda zilisema itatundikwa juu ya mlango wa maonyesho ya anga.

Karatasi zilidanganya.

Aliyegundua ni fundi wa kwanza. Huyo alikuwa kaka yake Bisibisi, baba mmoja mama mmoja. Wiki nne zilizopita alimpigia simu mchana.

"Mdogo wangu, hawa watu wanasema ndege ni ya kutundika. Sasa mbona wananihimiza niisawazishe? Kitu cha kutundika unakisawazisha ili iweje?"

"Kaka, niko kazini. Nitakupigia jioni."

Hakupiga. Jioni alikuwa akimfuatilia mtu mwenye pasi tatu za kusafiria, na asubuhi yake kaka alikuwa mochwari. Taarifa ilisema alipanda paa la ghala kurekebisha antena, akateleza.

Bisibisi aliisoma taarifa ile mara nne.

Kaka yake aliogopa ngazi. Alitengeneza ndege tangu ana miaka tisa na hakuwahi kupanda hata moja. Balbu ikiungua nyumbani, aliyepanda kiti ni mkewe.

"Wewe ni ndugu wa marehemu," Mkuu alimwambia alipoiomba kazi ile. "Utakwenda kulipa kisasi."

"Idarani kuna mwingine anayejua kubandika ubavu wa bawa?"

Hakukuwa na mwingine.

"Dada fundi, tutamaliza leo, au tuhamie humu kabisa na magodoro yetu?"

Aliyeuliza aliitwa Kilo, msimamizi wa ghala. Mtu mnene, Glock kiunoni, Fanta mkononi, wakati wote.

"Weka hiyo Fanta chini, unisaidie kuinua. Shika chini ya bawa, hapo kwenye alama ya penseli. Vidole viwili tu."

"Vidole viwili si vitavunjika?"

"Ndege ina kilo ishirini na sita. Wewe una ngapi?"

"Mara ya mwisho nilipopima, mizani iliharibika."

Waliinua, yeye kulia, Kilo kushoto. Tumboni mwa ndege kulikuwa na mfuko wa mchanga wa kilo nne, badala ya mzigo ambao hakuna aliyeutaja kwa jina. Ndege iliyosawazishwa, ukiinyanyua kwenye alama, hulala bapa hewani. Pua ikiinama kidogo, haidhuru. Mkia ukiinama, hiyo si ndege tena, ni balaa lenye injini.

Ililala bapa.

"Yule fundi aliyekutangulia naye alikuwa na mchezo huu," Kilo alisema. "Kila asubuhi kabla ya chai, lazima tuinue. Hata kama jana hakugusa kitu."

"Alikwenda wapi?"

Kilo aliitazama chupa yake. "Alikuwa mtu wa maswali. Mjomba, mwenye ndege hii, hapendi maswali."

"Nilisikia alianguka."

"Kuanguka, alianguka." Akashusha sauti. "Ila kupanda, alipandishwa. Dada fundi, maliza kazi uende kwa watu wako."

Bisibisi alirudi mezani, akachukua msasa, akasugua mahali palipokuwa laini tangu juzi. Kisha akavaa vizuia kelele masikioni na kuwasha msumeno wa umeme.

Ndani ya vizuia kelele kulikuwa na sauti ya Mkuu.

"Saa yako imenasa yote." Ilikuwa Casio ya kawaida kwa nje, kwa ndani ilikuwa na kinasa sauti na kamera. "Kesho Mjomba atakuja mwenyewe kuweka mzigo. Nataka picha, mkono wake juu ya mzigo. Kikosi kitakaa umbali wa dakika sita, karibu zaidi ya hapo wataonekana. Wewe kata waya unaoongoza mkia. Ndege isiondoke ardhini."

"Ndege isipoondoka, ataondoka yeye. Dakika sita ni nyingi kwa mtu mwenye gari."

"Kata waya. Namtaka mzima, anajua nani kamtuma. Na usimguse. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alizima msumeno.

Waya hakuukata.

Alifungua pua ya ndege. Humo alikuwa amepanga vipande vizito vya madini ya risasi, kupingana na uzito wa injini iliyokaa nyuma. Akatoa nusu. Akafunga pua, akapiga pasi plastiki ya kufunikia mpaka mshono ukapotea. Kwa macho, hakuna kilichobadilika. Kwa vidole viwili, mtu angejua mara moja.

Alikuwa na sababu nzuri: ndege ingepaa hatua chache na kurudi chini palepale, na mwenye ndege angekuwa bado amesimama. Lakini si sababu hiyo iliyousukuma mkono wake. Hakujidanganya.

Asubuhi iliyofuata, Hilux ilibeba mabawa hadi nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Kulikuwa na kipande cha lami, majani yameota kwenye nyufa, upepo mkali kutoka mbele. Uwanja wa maonyesho ulikuwa kilomita saba upande uleule.

Waliunga mabawa. Wakakaza boliti.

Land Cruiser nyeupe ikaingia.

Mjomba alikuwa mrefu, shati limenyooshwa vizuri, mikono laini, sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Binti, umetutengenezea kitu kizuri. Yule mwenzako alikuwa polepole mno."

"Alikuwa makini, Mjomba."

"Umakini nao una kiasi chake."

Alifungua tumbo la ndege kwa mikono yake. Akaweka kisanduku cha kijivu chenye tarakimu na vitufe, akakikandamiza hadi kikaingia. Casio ilipiga picha tatu.

Kwenye sikio la Bisibisi, kidude kidogo kuliko punje ya mahindi kilinong'ona: "Tumeona. Kikosi kinaondoka. Dakika sita."

"Pale uwanjani kuna watu elfu tano," Mjomba alisema bila kuulizwa. "Wataiona inakuja, ndege ya jeshi lao wenyewe. Watadhani ni sehemu ya sherehe. Watapiga makofi mpaka mwisho." Alipangusa vumbi kwenye bawa. "Magurudumu yakiacha ardhi, saa inaanza. Dakika tano."

"Tuinue mara ya mwisho?" Kilo aliuliza.

Bisibisi aliinama kukaza boliti iliyokwisha kukazwa.

"Tuinue nini?" Mjomba aliuliza.

"Ndege, Mjomba. Kuisawazisha. Yule fundi alikuwa haachi."

Mjomba alitazama Rolex yake. "Na yule fundi yuko wapi?"

Kilo akarudi nyuma hatua mbili.

Injini ikanguruma. Mjomba alitaka kuirusha mwenyewe. Alishika rimoti ya Futaba kwa mikono miwili, akasimama katikati ya lami, nyuma ya ndege. Akasukuma kijiti cha mafuta.

Mita kumi. Ishirini. Mabawa yakapinda juu, yakashika upepo.

Magurudumu yakaachia ardhi.

Kwa sekunde mbili ilikuwa nzuri kweli, na Bisibisi alitamani kaka yake angeiona. Kisha pua ikainuka. Ikazidi kuinuka. Mjomba akasukuma kijiti mbele, akasukuma tena, kijiti kikafika mwisho. Ndege ilisimama wima juu ya lami kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Ikaanza kurudi kinyumenyume, upepo ukiisukuma.

Mjomba alitupa rimoti. Akakimbilia kulia, kulia kuna bawa. Akageuka kushoto, kushoto kuna bawa.

Mita sita ni nyingi.

Balsa ilipasuka kwa kishindo kikavu. Vumbi lilipotulia, bomba la kaboni lilikuwa limekaa juu ya mguu wake wa kulia, na mguu ulikuwa umekunjika mahali pasipokunjika.

"Saa imeanza," Kilo alisema. Akaweka Glock chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kisha akakimbia. Kwa mwili ule, alikimbia vizuri sana.

Bisibisi aliokota bastola, akaisogelea ndege, akachuchumaa. Tumbo lilikuwa limepasuka. Kisanduku kilionyesha 4:31.

"Namba ya kuzima."

"Nitoe kwanza."

"Namba."

"Saba, sifuri, mbili, tisa. Haraka, binti."

Alibonyeza. Tarakimu zikasimama kwenye 4:02.

Akakigeuza kisanduku, uso ukaangalia chini.

"Imekataa," alisema.

"Haiwezi kukataa. Rudia."

"Nimerudia. Labda imeharibika ilipoanguka. Una dakika nne, Mjomba. Mimi miguu yangu mizima. Kakutuma nani?"

Alisema. Alisema upesi kuliko alivyoulizwa: kanali wa nchi nyingine, jina na cheo, nyumba aliyofikia, siku ambayo angevuka mpaka na njia atakayopita. Casio ilimeza kila neno.

"Sasa nitoe."

"Fundi wa kwanza alipandaje paa?"

"Fundi gani?"

"Dakika mbili."

Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. "Nilimwekea bastola mgongoni. Alikuwa ameshajua, ningefanyaje?"

"Alipanda kimya?"

"Ngazi ya tatu tu alikuwa analia. Aliomba..." Mjomba alifumba macho. "Aliomba afie chini. Akasema, piga hapahapa, usinipandishe."

"Nawe?"

"Nilicheka."

Bastola ilikuwa mkononi, nzito, kidole kimegusa kifyatulio. Mbali barabarani kulisikika magari, sauti bado ndogo. Hakuna ambaye angemhoji. Aliitazama ile midomo iliyocheka. Alichukua muda, kama alivyozoea kabla ya kukata kitu kisichoungika tena.

Kisha akaiweka bastola chini, mbali na mkono wa Mjomba.

"Sitini," akasema. "Hamsini na tisa."

"Binti."

"Hamsini na nane."

Alihesabu zote, bila kuharakisha hata moja. Mjomba alivuta mguu mpaka akapiga yowe. Aliomba kwa jina la mama yake, akaomba kwa jina la mama yake Bisibisi asiyemjua, akachimba lami kwa kucha. Kwenye kumi alianza kulia kama mtoto. Kwenye tatu alifunika uso kwa mikono yake laini.

"Moja."

Upepo ulipeperusha kipande cha plastiki.

"Sifuri."

Bisibisi alikigeuza kisanduku, akakisogeza karibu na uso wa Mjomba. 4:02.

Mjomba alizitazama tarakimu kwa muda mrefu.

"Nilitoa uzito kwenye pua," Bisibisi alimwambia, kwa sauti ya chini. "Fundi wa kwanza angeinua ndege hii kabla ya chai, angeuona mkia unainama, angekuambia usiirushe. Hata wewe angekuambia. Ndivyo alivyokuwa."

Magari mawili yalifunga breki. Watu sita wenye fulana za kuzuia risasi wakamwagika. Mmoja akampa simu.

"Nilikuambia usimguse," Mkuu alisema.

"Sijamgusa, Mkuu. Muulize."

"Na waya?"

"Waya uko salama. Ni waya mzuri."

Mkuu alivuta pumzi ndefu upande wa pili. "Kanali anakamatwa kesho. Andika taarifa yako. Fupi."

Bisibisi alivua Casio, akamkabidhi askari wa karibu. Akapangusa vumbi la balsa magotini, akaondoka kwa miguu, bila kugeuka.

Getini Kilo alikuwa amekaa chini, pingu mkononi, anahema kwa kifua chote.

"Dada fundi," akasema. "Mbona haijalipuka?"

"Pumzika, Kilo. Umekimbia sana."