Ufito wa Kupimia Fosi

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, Hortense alikuwa na kazi ambayo hakuna msichana mwingine wa mtaa wao wa Katuba aliyekuwa nayo. Akishafagia uwanja na kujaza ndoo, alichukua ufito mrefu uliokaa nyuma ya nyumba, akauzungushia kitambaa cheupe sehemu ya chini, akaondoa kifuniko cha zege na kuutumbukiza katika fosi. Fosi ndilo jina walilolipa shimo la kujengewa lililopokea maji yote ya choo. Majirani walikuwa na vyoo vya kawaida tu, lakini nyumba ya baba yake, karani Donat, ilikuwa na choo cha kumwagia maji, na karani Donat hakumruhusu mgeni kuondoka bila kukiona.

Kazi hiyo alifundishwa na fundi mwashi Musonda, siku alipomaliza kujenga. Hortense alikuwa na miaka tisa wakati ule, naye ndiye peke yake aliyesimama kumsikiliza.

"Uchafu muzito unashuka chini, unakuwa matope," Musonda alimweleza. "Maji ya katikati inatoka na ile bomba, inaenda kunyweka na udongo. Weye utelemushe ufito pole pole mpaka chini, uhesabu mpaka mia, uvute. Fasi kitambaa inakuwa mweusi, pale njo urefu ya matope." Kisha akachomoa kisu, akakata alama kwenye ufito. "Weusi ikifika hapa, muite lori ya kuvuta. Musingoye harufu. Harufu ikikuya, mumesha kuchelewa."

Kwa miaka mitatu Hortense alipima vizuri, tena kwa majivuno. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Martine, aliyesoma naye darasa moja, alichungulia kwenye ua akamkuta ameshika ufito unaochuruzika.

"Yooo! Mademoiselle Fosi!" Martine alipiga kelele.

Jumatatu darasa zima lilikwisha kulijua jina hilo la Kifaransa, Binti Fosi. Hortense aliona aibu hata akatamani kuhama shule. Mwezi wa sita ulipofika, hakufungua kifuniko. Alisaga kipande cha makala, yaani mkaa, akakikoroga na maji, akapaka kitambaa mpaka vidole viwili chini ya alama ya fundi, akausimamisha ufito ukutani. Baba alirudi kazini na shati lake jeupe, akautazama kutoka mbali.

"Ulisha kupima?"

"Nilisha, baba. Ingali bado."

"Muzuri."

Alifanya hivyo mwezi wa saba, akafanya hivyo mwezi wa nane na wa tisa. Mkono ulizoea, moyo haukuzoea hata kidogo.

Katikati ya mwezi huo wa tisa ilikuja barua. Baba aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Miezi mingi alikuwa akiomba karte ya heshima, kadi ile iliyompa Mkongomani ruhusa ya kutembea mjini Élisabethville hata saa alizokatazwa, na kupokewa ofisini bila kusukumwa. Sasa wakubwa wa tume ya serikali ya Wabelgiji wangefika Alhamisi kuikagua nyumba, waone kama karani Donat anaishi kwa usafi.

"Banaangalia vitanda, banaangalia sahani, banaangalia hata choo," baba alisema, akacheka kwa furaha. "Pa choo njo tutabashinda!"

Mkewe Albertine, mama wa Hortense, alicheka pia. Hortense alijaribu kucheka, ikashindikana. Kwa wiki tatu sasa alikuwa ameona mambo. Maji ya choo yalizunguka kwanza kabla ya kushuka, na bomba lilikoroma kama mtu mwenye mafua. Tena kulikuwa na majani. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne na Katuba yote ilikuwa vumbi jekundu, lakini nyuma ya choo chao majani yalikuwa mabichi, marefu, yananawiri.

"Mama Hortense, kuya uone!" baba aliita. "Udongo yetu iko muzuri sana. Viti vya bageni tutabiweka hapa."

Jumanne, baada ya masomo, Hortense hakuweza kuvumilia tena. Aliufungua mfuniko mwenyewe, bila kuambiwa. Juu ya maji palikuwa na tabaka gumu, na ufito ulipenya kwa shida. Alihesabu mpaka mia akiwa ameziba pua, akavuta. Weusi ulikuwa umepita alama ya fundi kwa urefu wa mkono wake, kutoka kiwiko hadi kiganja. Alisafisha ufito, akaufunga tena kile kitambaa alichopaka makala, akanawa kwa sabuni mara tatu, akaingia ndani. Alizunguka jikoni, akatoka uwanjani, akarudi jikoni. Kila alipotaka kusema, aliuona uso wa baba wenye furaha, akarudi kufagia.

Jumatano mama alifua mapazia, mashuka na vitambaa vya meza vyote. Ili choo kinukie kama hospitali, alimwaga krezili, dawa ya kuua vijidudu, kisha akafuatisha beseni za maji ya kufulia, moja baada ya nyingine.

"Mama, acha!" Hortense alisema.

"Juu ya nini?"

Mama hakungoja kuambiwa sababu, akamwaga beseni nyingine. Safari hii maji hayakushuka. Yalipanda polepole mpaka ukingoni, yakafurika, yakatambaa juu ya sakafu iliyotoka kusuguliwa. Mama alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Baba alipofika na baiskeli yake, alikimbia moja kwa moja kwenye ufito.

"Lakini ufito inasema bado!"

"Ufito haikusema, baba," Hortense alisema, machozi yakimtiririka. "Ni mie nilisema. Nilipaka makala. Tangu mwezi wa sita sikupima, juu balikuwa bananicheka ku masomo. Jana njo nilipima, nikaogopa kukuambia."

Baba hakumpiga wala hakumfokea. Alikwenda akaketi kwenye kiti kimoja cha wageni, juu ya yale majani mazuri. Miguu ya kiti ikazama taratibu, na maji meusi yakatokeza kando ya viatu vyake. Hapo ndipo baba alipoelewa uzuri wa udongo wake umetoka wapi.

"Tufunge mulango ya choo," mama alinong'ona. "Tubaambie ufunguo ilipotea."

Baba aliutazama mlango wa choo. Hortense alimtazama, akamwona anautaka ule uongo, anautaka sana. Kisha baba akainuka, akapanda baiskeli na kwenda kumtafuta Musonda.

Alhamisi asubuhi lori la kuvuta lilikuwa limesimama uwanjani, bomba lake nene limeingia katika fosi, na Musonda anasukuma matope kwa jembe refu, wakati wageni walipofika. Walikuwa Wazungu wawili na karani mmoja. Mzungu mmoja aliziba pua kwa kitambaa. Baba aliwasalimia na kuwaambia kwa Kifaransa: "Fosi yetu ilijaa. Hatukuipima inavyopasa." Waliandika kitu, wakatazama saa, wakaondoka bila kuketi.

Hortense alilia kwa sauti. "Baba, karte yako! Ni mie niliiharibu!"

Baba alichuchumaa mbele yake, suruali yake ya sherehe kwenye matope.

"Unisikilize. Matope kujaa si kosa, njo kazi yake. Musonda aliniambia jana: mukijua mapema, ni lori moja tu na kazi inaisha. Weye ulinificha juu ya kuchekwa, na mie niliangalia kutoka mbali, juu sikutaka kuchafua shati. Siku ingine, jambo baya uniambie lingali dogo. Hata nikikasirika, uniambie."

"Na krezili mupunguze!" Musonda alipaza sauti kutoka shimoni. "Mule munakuwa tududu tunakula uchafu. Mama ametuua tule tududu twote jana!"

Mama alifunika uso kwa kitenge, akaanza kucheka, na Hortense akacheka huku bado analia.

Barua nyingine ilikuja mwishoni mwa mwezi. Wale wakubwa wangerudi Januari, Jumamosi ya kwanza. Baba aliiweka chini ya sahani.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba alikunja mikono ya shati, akafungua kifuniko kwa mikono yake. Martine alikuwa uani tayari.

"Mademoiselle Fosi na baba yake!"

Hortense aliinua ufito juu ili hata Martine aone. "Vidole bitatu!" alitangaza. "Na kwenu, nani anapima?"

Martine alisogea hatua moja. Akauliza kama anaweza kuja kuona vizuri.

"Baba," Hortense alisema, akiosha ufito, "Januari bale bantu batafika siku ya kupima."

"Nilisha kuona," baba akajibu. "Tutapima mbele yao."