Ottilia na Mchezo wa Bomba la Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ottilia alimsaidia mama yake, Walburga, kuanika usipa kwenye kichanja kando ya Ziwa Nyasa. Mikono ilitandaza samaki wale wadogo, lakini mdomo haukutulia. Mara awe mchuuzi kutoka Mbinga anayebishania bei, mara awe katekista mwenye mafua. Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe mtoto, sauti za watu unazitoa wapi?"

"Zinakuja zenyewe, mama."

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa karibuni, na hata kijijini kwao, jirani na Kihagara, watu walianza kuuliza kwa sauti mambo waliyozoea kuyanong'ona. Jambo kubwa lilikuwa maji. Bomba la kutoka mlimani lilikuwa limekauka, watu wakarudi kunywa maji ya ziwa, na watoto wakawa wanaharisha. Cleopa, mdogo wake Ottilia, alilazwa zahanati akiwa hana hata nguvu ya kulia.

Kwa hiyo Mwalimu Kilian, msimamizi wa kikundi cha maigizo, alipotangaza mchezo wa siku ya wazazi, Ottilia alikwisha kujua ataigiza nini.

Siku ilipofika alijitokeza mbele ya wazazi akiwa na koti la baba yake, anachechemea. Wote walimtambua Mzee Bernadi, mwenyekiti wa kijiji, aliyeumia mguu zamani katika uvuvi.

"Maji yanakuja," Ottilia alisema kwa sauti nzito ya mzee huyo. "Nyinyi subirini tu."

Akachechemea tena. Watu walivunjika mbavu. Alipofika kwenye habari za watoto wagonjwa, hakuna aliyemsikia kwa vicheko. Mzee Bernadi aliinuka kimya kimya, akaondoka.

Ottilia alimkimbilia mwalimu akitarajia pongezi.

"Umeigiza vizuri sana," Mwalimu Kilian alisema. "Sasa watazame wenzako. Wameondoka na nini?"

Uwanja mzima watoto walikuwa wakichechemea. Hakuna aliyezungumza habari za maji. Ottilia alihisi uso unawaka kwa aibu.

Kesho yake alikwenda peke yake kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kujifunza mwendo wangu vizuri zaidi?"

"Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya mguu," alijibu. "Lakini habari za maji sikuzitunga, babu. Mdogo wangu aliugua kweli."

Mzee alimsogezea kigoda.

"Kaa. Umeniigiza bila kuniuliza, basi leo uliza."

Akamweleza kwamba mvua zilifukua bomba kule juu, likapasuka. Mabomba mapya yalikwisha kuletwa, yamelala ghalani. Kilichobaki ni kuchimba mtaro. Lakini kila alipowaita watu walikuja wachache, naye aliona aibu kukiri mkutanoni kwamba hasikilizwi.

"Na baba yangu, huwa anakuja?"

Mzee alikohoa. "Hilo kamuulize mwenyewe."

Baba yake, Florian, alipoulizwa aliendelea kushona wavu. "Bomba ni kazi ya serikali," alisema.

Ottilia alirudi kwa mwalimu, wakautunga mchezo upya. Mwenyekiti mwenyewe aliruhusu uchezwe kwenye mkutano wa kijiji. Safari hii hakuna aliyechechemea. Katika mchezo, mgambo alipuliza filimbi kuwaita watu wakachimbe mtaro; mvuvi mmoja akajificha nyuma ya nyavu zake, mwingine akajifanya kiziwi, na mwenyekiti akabaki mlimani na jembe, peke yake. Mvuvi wa kwanza, aliyeigizwa na Ottilia, alizungumza kwa sauti ya Florian hasa. Watu walicheka, kisha wakaanza kutazamana. Mwishoni Ottilia alilala chini akawa Cleopa, anaomba maji kwa sauti ndogo.

Florian alisimama. "Yule mvuvi ni mimi," alisema. "Kesho nitakuwa mlimani."

"Na sisi wanawake tutakuja," Walburga alisema, yeye ambaye hakuwahi kuzungumza mkutanoni. "Lakini kwenye kamati ya maji tuwemo."

Wakakubaliwa. Kijiji kizima kilichimba, na kabla ya mvua za masika maji yalikuwa yanatoka bombani.

Miaka mingi baadaye Ottilia aligombea udiwani. Kabla ya kuhutubia popote alipita nyumba kwa nyumba, akikaa na watu na kuwauliza habari zao. Kijana mmoja alimwuliza Mzee Bernadi, ambaye sasa alikuwa mkongwe, kwa nini anampigia kura mtu wa maigizo.

"Kwa sababu huwezi kumwigiza mtu vizuri kama hujamwelewa," mzee alijibu. "Yeye alianza kwa kupenda kuchekesha, halafu akajifunza kuuliza na kusikiliza. Kiongozi asiyejua hayo, mwanangu, atazungumza mchana kutwa na watu hawatabaki na kitu. Na wewe ukitaka kuongoza, anza hapo."