Panya Kumi na Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia chumba cha mashine ya unga ya baba yake. Majirani walimpa msichana huyo wa miaka kumi na miwili jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Wiki ile alizoa panya kumi na mmoja, wamejifia tu kati ya magunia.

"Baba, kuna nini? Hatujatega hata mtego!"

"Shukuru, mwanangu. Wezi wamejimaliza," baba akacheka. Kisha akashusha sauti. "Wafukie kwenye pumba, na huo mdomo utie kufuli. Wateja wakisikia, nani ataleta mahindi hapa?"

Chiriku akautia kufuli. Siku ya nne mdogo wake, aliyezoea kujilaza juu ya magunia kama paka, aliwaka homa. Kinenani palitoka mtoki mkubwa kama yai. Hata shuka ikimgusa alipiga yowe. Mama alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, miguu ikining'inia, baba na Chiriku wakifuata nyuma.

"Malaria hana," muuguzi alisema. "Ila mtoki huu unanitia shaka. Nyumbani mmeona panya waliokufa?"

"Hata mmoja," baba akajibu upesi.

Mtoto aliacha kulia. Mama alimwita, akamwita tena, akamtikisa; hakuitika. Chiriku alimtazama baba, naye baba akatazama sakafu.

"Kumi na mmoja!" Chiriku alipasuka. "Nimewafukia mwenyewe, kwa mikono hii!"

"Daktari! Tauni!" Muuguzi alikwishashika sindano.

Familia nzima ilimeza vidonge. Mashine ilifungwa, ikapuliziwa dawa ya viroboto. Siku mbili mama hakuonja kitu. Ya tatu, mtoto aliomba uji, akalalamika kuwa ni mwepesi.

"Nilidhani nalinda kazi, dada," baba alimwambia muuguzi.

"Hukuanza wewe, kaka. Zamani tauni ilipoingia mijini, wakubwa walificha habari ili biashara isife. Wengine waliwafungia wagonjwa ndani, wengine wakawasha moto barabarani kusafisha hewa, wengine wakawasingizia wageni. Kiroboto akashuka kutoka kwa panya aliyekufa, akaingia majumbani bila hodi." Akamgeukia Chiriku. "Sisi leo dawa tunayo, lakini dawa haina macho, lazima iambiwe pa kwenda. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Ukiona panya wanajifia ovyo, usiwaguse. Sema, hata aliyekukataza akiwa baba yako."

"Sema, mwanangu," baba akaitikia.